Self Portrait ya Bob Dylan (1970): wahakiki waliionea, au kweli ilikuwa mbovu?

#1 Santuri Chakavu

Habari za jioni wakuu.

Wiki nzima nimekuwa na albamu moja tu masikioni, Self Portrait ya Bob Dylan. Ilitoka tarehe 8 Juni 1970, santuri mbili ndani ya kava moja, nyimbo 24, zaidi ya saa nzima ya muziki. Kwangu hii ni Americana, muziki wa mizizi ya Marekani. Humo ndani amejaza kila alichokikuta njiani: kantri ya Nashville, nyimbo za kale za wachimba dhahabu na wauaji, bluzi, nyimbo laini za mapenzi, kopi za nyimbo za wenzake, na vipande vinne vya shoo aliyopiga na kundi la The Band kisiwani Wight, Uingereza, mwaka 1969. Hata picha ya kava kachora kwa mkono wake.

Haukupita muda, tarehe 23 Julai jarida la Rolling Stone likatoa uhakiki wa Greil Marcus. Ulianza kwa swali la maneno manne na neno la nne lilikuwa tusi. Tangu siku hiyo albamu ikabeba jina baya kwa zaidi ya miaka arobaini, na watu wengi wanaoiponda ukiwabana wanakiri hawajawahi kuimaliza.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: waliionea. Walimtaka nabii, wakaletewa mwimbaji, wakakasirika. Mimi nimeisikiliza kabla hakuna mtu aliyeniambia ni mbovu, na nimeipenda. Karibuni.

#2 Dogo wa Sakina

Naweka kiti hapa mbele kabisa. Dylan namjua kwa nyimbo mbili tatu za redioni basi. Ila mkuu, wimbo wa kwanza nimeufungua sasa hivi naona wanaimba akina mama watupu. Yeye yuko wapi?

#3 Santuri Chakavu

Hayupo, mdogo wangu. Huo unaitwa "All the Tired Horses". Maneno yake yote ni mistari miwili: farasi wamechoka juani, na mtu anajiuliza atapandaje hali ikiwa hivyo. Akina mama wanairudia mistari hiyo dakika tatu nzima, fidla zinapanda taratibu nyuma yao. Mtu dunia imemwita sauti ya kizazi chake, anafungua albamu inayoitwa picha yangu mwenyewe, na sauti yake haisikiki. Mimi niliponaswa ni hapo hapo.

#4 Mwalimu Mstaafu

Mleta uzi, nakuheshimu lakini hapa nakupinga.

Turudi kwenye mwaka wenyewe. Tarehe 4 Mei 1970 askari waliwapiga risasi wanafunzi wanne katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, wakafa. Vita ya Vietnam ilikuwa imeingia Kambodia. Vyuo vinafungwa, vijana wanalia barabarani. Mwezi mmoja baadaye mtu yule yule aliyewaandikia nyimbo zao za maandamano anawaletea "Blue Moon", wimbo wa mapenzi wa miaka ya 1930, na fidla juu yake.

Hebu jiweke mahali pao. Uko msibani, watu wote wamemgeukia mzee wa ukoo aseme neno, naye anapiga mluzi. Hata kama mluzi wake ni mtamu, utaupokeaje? Sisemi Dylan alikuwa na deni la kuhutubia. Nasema wahakiki walikuwa binadamu wenye majonzi, na albamu ile iliwafikia siku ile.

Na Marcus hakuishia kwenye tusi, hilo watu husahau. Uhakiki wake ni mrefu, ameugawa vipande vyenye namba, na wimbo wa akina mama aliousema Dogo aliusifu kwa uzuri wake. Aliandika pia kwamba angenunua hata albamu ya Dylan akihema kwa nguvu, lakini si ya Dylan akihema taratibu. Hayo ni maneno ya mtu aliyempenda mno huyo mwanamuziki. Asiyependa hahesabu pumzi.

#5 Theluji Nyingi

Salaam kutoka Minneapolis.

Nyongeza ndogo ya takwimu, maana naona tunaelekea kusema albamu ilikataliwa. Walioikataa ni waandishi. Wanunuzi waliibeba: Marekani ilifika namba 4, Uingereza ikakaa namba 1. Kwa hiyo kila tunaposema "watu" katika uzi huu tuseme watu gani.

Kopi yangu niliipata kwa dola moja kwenye mauzo ya vitu vya nyumbani, mtu anahama. Mama aliyeniuzia alikuwa na albamu nyingi za Dylan kwenye sanduku na hii pekee ndiyo haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilipofika nyumbani nikaelewa: santuri ya kwanza ilikuwa imechezwa kidogo, ya pili bado inang'aa kama imetoka kiwandani leo. Yule mama alishindwa katikati ya safari.

#6 Kantri Nakuru

Hamjambo. Mimi ni Mkenya na kwetu kantri si muziki wa wazungu, ni muziki wa Jumapili baada ya kanisa. Marehemu baba alikuwa na kaseti za Jim Reeves na Skeeter Davis, na ulikuwa huruhusiwi kuzigusa kama mikono yako ina mafuta.

Sasa sikilizeni wimbo wa tatu wa albamu hii, "I Forgot More Than You'll Ever Know". Nilipousikia kwa Dylan nilisimama wima jikoni. Huo ni wimbo wa Skeeter Davis! Aliuimba mwaka 1953 na rafiki yake Betty Jack Davis, wakijiita The Davis Sisters ingawa hawakuwa ndugu wa damu. Ukapanda hadi namba moja ya kantri, na wakati unapanda Betty Jack alikuwa ameshafariki kwenye ajali ya gari, Agosti mwaka huo huo. Skeeter alikuwa ndani ya gari hilo hilo, akanusurika na majeraha.

Baba asingeuliza kwa nini Dylan anaimba wimbo wa mtu. Kwenye kantri ndivyo ilivyo, wimbo mzuri unapita mikono mingi. Nafikiri wahakiki wa 1970 walikuwa vijana wa roki, walizoea kwamba msanii wa kweli anaandika vyake. Walimhukumu kwa sheria za nyumba nyingine.

#7 Shaha wa Kibokoni

Kantri Nakuru umenena, nami naongeza la kwetu pwani. Mtu hukaa barazani akasoma beti za mwingine usiku kucha, na wasikilizaji hawamwambii "hizi si zako". Wanasikiliza anavyozitamka, pale anapovuta na pale anapokata. Msomaji naye ana cheo chake mbali na mtunzi.

Lakini haki nayo isemwe. Msomaji akisinzia, huambiwa amesinzia. "The Boxer" ya Simon na Garfunkel, Dylan kaimba sauti zote mbili mwenyewe, moja juu ya nyingine, na haziendi pamoja. Moja inafika mwisho wa mstari, nyingine bado iko njiani. Hapo simtetei.

#8 Dogo wa Sakina

Shaha, "The Boxer" nimeisikiliza kwa sababu yako na nimeipenda hivyo hivyo inavyogongana. Kama mtu anaimba na kivuli chake.

#9 Fundi Mitambo

Wakuu mnajadili wimbo gani ni wa nani, tatizo la albamu hii liko mezani kwa fundi. Niruhusuni nieleze kama mtu aliyekaa studio miaka.

Nyimbo za mwanzo alirekodi Nashville Aprili na Mei 1969. Kisha Machi 1970 akaingia studio ya Columbia mjini New York na David Bromberg kwenye gitaa, Al Kooper kwenye kinanda, wachache sana. Wanaimba nyimbo za kale, moja baada ya nyingine, kama watu waliokaa sebuleni. Halafu tepu zikapelekwa Nashville kwa prodyuza Bob Johnston, na huko wanamuziki wengine wakaongeza besi, ngoma, matarumbeta na fidla. Dylan mwenyewe hakuwepo.

Mjue hiyo kazi ilivyo. Mzee anapiga gitaa peke yake, mwendo wake unakimbia na kupungua jinsi anavyopumua. Mimi nimewahi kupewa tepu ya namna hiyo ya mzee wa kijijini niiwekee ngoma. Ukimfuata yeye, ngoma inayumba. Ukishika mwendo wako, yeye ndiye anaonekana amekosea. Sikilizeni "In Search of Little Sadie", mtawasikia wanamuziki wakimtafuta Dylan gizani. Yeye anabadilisha njia kila mstari, wao wanagusa nyuzi baada ya kuhakikisha amepita.

Kwa hiyo hoja yangu: wahakiki walisikia albamu iliyopakwa mafuta mengi, wakadhani nyama ndiyo mbovu.

#10 Kipusa wa Tanga

Kila mtu anatafuta sababu ya kitaalamu, ilhali mwenyewe alishasema alifanya makusudi! Katika kumbukumbu zake zilizotoka 2004 anaeleza jinsi watu walivyokuwa wakimvamia nyumbani Woodstock, wanavunja mlango, wanatembea juu ya paa, wanamtaka aongoze mapinduzi. Ana mke na watoto wadogo. Akaamua kutoa kitu kitakachowachosha wamwache. Anasema alitupa ukutani kila alichokuwa nacho, kilichonata akakitoa, kisha akaokota na ambacho hakikunata akakitoa pia.

Mimi kama mama namwelewa kabisa. Nyumba yako ikigeuzwa uwanja wa hija unafanya lolote watoto walale. Na ushahidi kwamba ilikuwa makusudi ni kwamba alipoona amepondwa alikimbilia studio, na miezi minne baadaye akatoa New Morning ambayo wahakiki waliishangilia.

#11 Theluji Nyingi

Dada Kipusa, la New Morning hapana. Watu wanalirudia sana ila tarehe zinalikataa. Sehemu kubwa ya nyimbo zile zilirekodiwa siku za mwanzo za Juni 1970, yaani Self Portrait hata haijafika dukani. Hakuna aliyekuwa ameiponda bado. Ilitoka Oktoba, na Ralph Gleason akaandika kwenye Rolling Stone kwa furaha kwamba Dylan amerudi. Hakuwa amerudi kokote, alikuwa anafanya vyote viwili kwa wakati mmoja.

Na kingine: tarehe 9 Juni, siku moja baada ya albamu kutoka, alikuwa Princeton anavishwa joho la udaktari wa heshima. Kuna wimbo kwenye New Morning unaosimulia siku hiyo na wadudu waliokuwa wakilia mitini.

#12 Kipusa wa Tanga

Asante Theluji, hilo la tarehe nalipokea. La watoto kulala siliachii.

#13 Mwalimu Mstaafu

Nalo la makusudi tulichunguze kwa makini, binti yangu, kwa sababu Dylan ametoa maelezo zaidi ya moja na hayafanani.

Mwaka 1984 alihojiwa na Rolling Stone akazungumzia kuwafukuza wafuasi, na alipoulizwa kwa nini basi albamu iwe ya santuri mbili, alijibu kwa maana kwamba ingekuwa moja isingesimama, kama unajaza takataka bora uzijaze kweli kweli. Mwaka 1985 akasema ni jibu kwa waliokuwa wanauza rekodi zake za magendo. Mwaka 2004 akaja na hilo la ukuta. Maelezo matatu, yote yametolewa zaidi ya miaka kumi baada ya tukio, na yote baada ya albamu kupondwa. Mwanafunzi wangu angeniletea sababu tatu za kutofanya zoezi, ningeuliza ya nne.

Mimi nashuku ya nne ni hii: kisima kilikuwa kimepungua maji. Wimbo ule wa kwanza, kwa Kiingereza "kupanda farasi" na "kuandika" yanakaribiana mno kwa sauti. Wengi wamesikia hivyo: farasi wamechoka, mimi nitaandikaje? Mtunzi aliyekauka aliimba nyimbo za wengine akisubiri mvua.

#14 Mwana Kijitonyama

Hilo la magendo msilipite haraka jamani, ndilo ninaloliamini mimi.

Katikati ya 1969 Los Angeles kulitokea santuri mbili kwenye kava jeupe lisilo na maandishi, watu wakaziita Great White Wonder. Rekodi za Dylan za chumbani, za majaribio, zimevuja. Ziliuzwa kama njugu na yeye hapati kitu. Sasa angalieni Self Portrait: santuri mbili, nyimbo za majaribio, vipande vya jukwaani, wimbo mmoja kauimba mara mbili kwa namna tofauti. "Alberta" ipo mwanzo na ipo mwisho. "Little Sadie" zipo mbili. Huo ndio muundo wa santuri ya magendo! Alisema kama mnataka vya chumbani kwangu basi nawauzieni mimi.

Wahakiki waliisikiliza kama albamu rasmi ndiyo maana wakaikosa.

#15 Santuri Chakavu

Kijitonyama, hiyo sikuwa nimeiona. Nashukuru. Ingawa ukiikubali wewe, ya Fundi inapata taabu, maana santuri ya magendo haina fidla.

#16 Mwana Kijitonyama

Hapo umenibana. Nitarudi.

#17 Dogo wa Sakina

Nimefika "Days of '49" jamani. Nimeirudia mara nne.

Kwa mliopita haraka: ni mzee mchimba dhahabu wa California, anakumbuka mwaka 1849 walipokimbilia dhahabu. Anataja wenzake mmoja mmoja kwa majina ya utani, huyu alikuwa mlevi, huyu mcheza kamari, huyu mgomvi, na kila mmoja anaeleza alivyokufa. Katikati Dylan anatoa neno la mshangao kama vile hadithi imemshinda mwenyewe anayeisimulia.

Mjomba wangu alikuwa Mererani. Akikaa jioni na chai yake ni hivyo hivyo. Hawataji kwa majina ya nyumbani, anawataja kwa majina ya shimoni, na kila jina lina mwisho wake: huyu kifusi, huyu moshi wa baruti, huyu alipata jiwe akanywa hadi akafa. Na anacheka akiwataja. Sauti ya Dylan pale ni ya mjomba kabisa, imechoka na inafurahi. Sijui mhakiki gani alisikia wimbo huu akasema hana la kusema.

#18 Shaha wa Kibokoni

Dogo, uzi huu mzima ungekuwa hiyo posti yako peke yake ningetosheka.

#19 Mkaguzi

Samahani naingilia. Mnaiita albamu ya Kimarekani halisi, mizizi ya Marekani na kadhalika. "Let It Be Me" ni wimbo wa Kifaransa, wa Gilbert Bécaud, 1955. "Early Mornin' Rain" ni wa Gordon Lightfoot, Mkanada. "Belle Isle" ni wimbo wa Newfoundland, Kanada tena. Na shoo ya Wight ni Uingereza. Umarekani uko wapi?

#20 Theluji Nyingi

Mkaguzi facts zako ziko sawa, ila hitimisho silikubali. Huku ninakoishi mizizi yenyewe ndiyo hivyo ilivyo, vitu vilivyoingia kwa meli na reli vikachanganyika. Dylan mwenyewe kazaliwa Duluth, kakulia Hibbing, mji wa migodi ya chuma. Nilienda kuuona siku moja. Kuna shimo la mgodi limechimbwa mpaka limekuwa bonde, unasimama ukingoni unaona malori makubwa chini kama visoda. Watu walikuja kuchimba hapo kutoka Ufini, Italia, nchi za Waslavi, kila mmoja na nyimbo zake. Mtoto aliyekulia pale akichora sura yake, Mfaransa kuwemo si ajabu.

Hilo jina la Americana kama aina ya muziki lenyewe limekuja kushika miaka ya 1990, chama chao Nashville kikaanzishwa 1999. Mwaka 1970 albamu kama hii haikuwa na rafu dukani. Labda na hilo liliwachanganya waandishi: wakiiweka kwenye roki haitoshi, wakiiweka kwenye kantri inazidi.

#21 Kantri Nakuru

Kwa vile Mkaguzi amefungua mlango wa nani ni wa wapi: mnajua Dylan alikuwa hatua moja tu kutoka "Malaika"? Kabla hajajulikana alipiga hamonika kwenye wimbo "Midnight Special" wa Harry Belafonte, albamu ya 1962. Belafonte huyo huyo mwaka 1965 akatoa albamu na Miriam Makeba, na "Malaika" imo.

#22 Mwana Kijitonyama

Sasa utaanzisha vita ya nani alitunga "Malaika", uzi wa Dylan utafia hapa.

#23 Kantri Nakuru

Nanyamaza bana. Hiyo tuifungulie uzi wake.

#24 Fundi Mitambo

Narudi na ushahidi, maana #15 aliniweka pabaya.

Agosti 2013 walitoa Another Self Portrait, namba 10 ya mfululizo wa rekodi zake za kabatini. Humo wametoa baadhi ya nyimbo hizi bila yale mapambo ya Nashville. Jana usiku nimekaa na spika zangu mbili nikasikiliza "Copper Kettle" ya 1970, kisha ya 2013, nikarudia mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini.

Ya 1970: fidla zinaingia mapema, zinajaa kama maji ya chooni yanayopanda, nisameheni, na akina mama wanaitikia. Sauti ya Dylan iko katikati imezungukwa. Ya 2013: gitaa, kinanda kwa mbali, na yeye. Kuna mahali anashusha sauti kwenye mwisho wa mstari na pumzi yake inasikika ikiisha. Kwenye ile ya kwanza pumzi hiyo imefunikwa na fidla. Ni uimbaji ule ule, tepu ile ile! Ilikuwepo tangu 1970 na hakuna mhakiki aliyeweza kuisikia.

#25 Kipusa wa Tanga

Huo wimbo wa sufuria ya shaba ni wa gongo, si ndiyo? Nimeusikiliza maneno. Tengeneza moto wa kuni kavu usitoe moshi, kaa chini ya mwezi, sisi kodi ya pombe hatujalipa tangu 1792.

Nyuma ya nyumba yetu alikuwepo bibi mmoja, Mungu amrehemu, alisomesha watoto wote kwa pipa na bomba la shaba. Alikuwa anajua kuni gani hazitoi moshi. Hakuna aliyemfundisha kwa wimbo.

#26 Mwalimu Mstaafu

Ndiyo, ni wa gongo. Serikali ya Rais George Washington ilipitisha kodi ya pombe kali mwaka 1791, na kufikia 1794 wakulima wa magharibi ya Pennsylvania wakawa wameasi kwa silaha. Kwa hiyo mkaidi wa kwenye wimbo anajivunia ukaidi wa mababu.

Basi hapa nikiri jambo. Nilisema #4 kwamba Dylan alipiga mluzi msibani. Baada ya posti ya Kipusa na ya Dogo nimesikiliza tena pande tatu za kwanza. Mwezi baada ya Kent State mtu anaimba kuhusu wanaokwepa serikali porini na wachimbaji waliokufa bila kaburi. Huenda lilikuwa neno la mzee wa ukoo na sisi tulisubiri lije na sauti ya hotuba. Nasema huenda. "Blue Moon" bado inanikera.

#27 Santuri Chakavu

Mwalimu, hapo umenifurahisha kuliko unavyojua. Na si wewe tu uliyerudi: maelezo ya ile albamu ya 2013 aliyaandika nani? Greil Marcus. Yule yule wa tusi. Mimi naona hapo kesi imekwisha.

#28 Mwalimu Mstaafu

Haijaisha. Kuandika maelezo ya kava si kuomba radhi. Mwaka 2013 alipewa nyimbo nyingine: ambazo hazikuwahi kutoka, kama "Pretty Saro", na zilizovuliwa mapambo. Ile ya 1970 haijabadilika, iko vile vile. Hata Fundi akiwa sahihi kabisa, maana yake ni kwamba wahakiki waliihukumu sawasawa santuri waliyopewa. Hawawezi kulaumiwa kwa tepu iliyokuwa kabatini.

#29 Mkaguzi

Na kama kila kilichobaki kabatini kilikuwa dhahabu, Columbia, kampuni yake ya rekodi, walishatujibu 1973. Dylan alipohamia kampuni nyingine, wakachukua mabaki ya vipindi hivi wakatoa albamu inayoitwa Dylan tu. Ikapondwa kuliko hii.

#30 Fundi Mitambo

Mkaguzi, walichagua mabaki mabaya. "Pretty Saro" ilikuwa kabatini siku hiyo hiyo na hawakuigusa.

#31 Kantri Nakuru

Mimi naona kitu kimoja hakijasemwa, sauti. Kuanzia Nashville Skyline ya 1969 aliimba kwa sauti laini ya mviringo, akadai ni kwa sababu ameacha sigara. Kwenye "Let It Be Me" anaimba kama mtu anayemwimbia mkewe ndani ya nyumba. Watu walimpenda kwa sauti ya mchanga na misumari. Ukimsikia mtu wako wa ukali anakuwa mpole, unaona kama amekufa.

Mama yangu aliposikia nimeweka wimbo wa Skeeter Davis kwa sauti ya mwanamume, alikuja akakaa. Hakuuliza ni nani. Ulipoisha akasema baba yako alikuwa anaukosea ubeti wa pili hapo hapo.

#32 Mwana Kijitonyama

Nimerudi kwa Santuri (#15). Fidla ziliwekwa na kampuni na prodyuza. Mpango wa magendo ulikuwa wa Dylan. Watu wawili walitengeneza albamu mbili tofauti ndani ya kava moja. Ndiyo jibu langu.

#33 Santuri Chakavu

Umelala nalo hilo siku mbili, na nitalala nalo mimi usiku huu.

#34 Dogo wa Sakina

Wakuu mimi nimemaliza zote 24 leo mchana, nikarudi wimbo wa kwanza. Spika niliiweka dirishani. Mama alikuwa anaanua nguo, akasimama na kanga begani mpaka akina mama walipomaliza kuimba. Akaniuliza ni kwaya ya wapi, nikamtafsiria ile mistari miwili.

Akasema turudie, na anataka kujua hao farasi walikuwa wametoka wapi hata wakachoka namna hiyo.